Saa kumi ya mama wa mandazi: kukadiria hewa chafu anayoivuta mtu mmoja kwa siku, Goma

Karatasi ya kwanza ilisema mama huyu anaamka saa 10 na anafungua meza yake ya mandazi saa 7. Aliyeiandika ni kijana mwenzetu, mwangalifu, mwenye mwandiko safi. Fomu ilikuwa ya Kifaransa, saa zimepangwa kuanzia 0 hadi 24, na mama alijibu kwa Kiswahili kama kila mtu wa Birere, mtaa wa Goma huku mashariki mwa Kongo, anavyojibu. Alisema anaamka saa kumi, yaani alfajiri, giza bado. Kijana akaandika 10. Kisha mama akasema saa moja yuko barabarani na ndoo yake, na hapo kijana akageuza vizuri, akaandika 7. Mstari mmoja ukabaki na saa ya Kiswahili, mstari wa pili na saa ya Kifaransa.

Kosa lenyewe ni dogo, na mtu angeweza kulisahihisha mezani: 10 iwe 4, kazi iendelee. Lakini ukiliweka sawa, linafungua pengo. Kutoka saa kumi ya alfajiri hadi saa moja asubuhi kuna saa tatu, na karatasi yetu haikuwa na neno lolote juu ya saa hizo. Safu ile ilikuwa imejazwa neno moja tu, "nyumbani". Nikarudi kwake.

"Mama, ile saa kumi ulisema, ni ya usiku?"

"Ya usiku, mwanangu. Mi naamukaka mbele ya adhana."

"Na kazi unaanzaka saa ngapi?"

"Saa moja."

"Sasa kutoka saa kumi mpaka saa moja unafanyaka nini?"

"Hakuna. Nawasha moto, nakaanga, napanga ndoo."

"Ile haiko kazi?"

"Kazi ni kuuza. Ile ni kuwasha tu."

Nimeandika mazungumzo haya kama yalivyokuwa kwa sababu kisa chote kiko ndani yake. Tulitaka kukadiria kiasi cha hewa chafu kinachowafikia watu wachache wa mji huu kwa siku. Tulimuuliza mama kuhusu kazi, naye akatujibu kuhusu kazi. Moto hatukuuliza.

Mama na mji wake

Ana miaka arobaini na kitu. Anaishi Majengo katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe ya lava, na anauza mandazi na chai Birere, kando ya njia ya kwenda Petite Barrière, kivuko cha mpaka na Rwanda. Wateja wake wa asubuhi ni wamotari wa pikipiki, wabeba mizigo na wamama wanaosubiri mpaka ufunguliwe wavuke kwenda Gisenyi. Ana watoto watano; wa mwisho bado anabebwa mgongoni. Jina lake silitaji, na mambo mawili matatu madogo nimeyabadilisha ili asitambulike.

Hewa ya Goma haichafuliwi na kitu kimoja. Chini tunakanyaga lava. Ile ya Januari 2002 ilishuka kutoka volkeno ya Nyiragongo, ikapita katikati ya mji na kufunika karibu asilimia 13 yake pamoja na sehemu ya uwanja wa ndege. Watu wakarudi, wakaponda mawe, wakajenga juu yake. Barabara nyingi za ndani hazina lami, na magurudumu yanasaga mawe hayo kila siku mpaka yanakuwa vumbi jeusi linalokaa kwenye majani ya migomba na kwenye kola za mashati. Kuna moshi wa magari makuukuu, kuna grupu, yaani jenereta, zinazonguruma mbele ya maduka umeme ukikatika, kuna takataka zinazochomwa kwenye pembe za parseli, yaani viwanja vya nyumba. Kuna volkeno pia: Nyiragongo na jirani yake Nyamulagira ni miongoni mwa volkeno zinazotoa gesi ya salfa kwa wingi zaidi duniani, ingawa mara nyingi upepo husukuma moshi wao upande wa magharibi, na Goma iko kusini. Na ndani ya karibu kila nyumba kuna makala, yaani makaa ya kupikia.

Tulichokuwa tunakitafuta ni chembe zinazoitwa PM2.5, yaani zile ambazo kipenyo chake hakizidi mikromita 2.5. Ni ndogo kiasi kwamba pua na koo haziwezi kuzizuia. Zinafika mwisho kabisa wa pafu, na nyingine hupita hadi kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha viwango vyake: wastani wa siku moja usizidi mikrogramu 15 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa, na wastani wa mwaka usizidi 5. Kabla ya hapo vilikuwa 25 na 10.

Hesabu ya kinachomfikia mtu inaelezeka kwa sentensi moja. Unachukua kila mahali alipokaa siku hiyo, unazidisha uchafu wa hewa ya pale kwa muda aliokaa, unajumlisha, unagawanya kwa saa 24. Ugumu uko katika kujua alikaa wapi, kwa muda gani, na hewa ya pale ilikuwaje kwenye pua yake, si kwenye paa la jirani.

Njia ya anwani

Njia rahisi kuliko zote ni kumhesabu mtu kwa anwani yake. Unatafuta kiwango cha hewa cha Majengo, kiwe kimetoka kwenye kipimo kilichofungwa juu ya jengo au kwenye ramani inayochorwa kwa msaada wa picha za setilaiti, kisha unampa kila mkazi wa Majengo namba hiyohiyo kwa saa zote 24. Ukilinganisha miji kwa miji, njia hii ina faida yake. Mengi tunayoyajua kuhusu uhusiano wa hewa chafu na vifo yametokana na hesabu za namna hiyo. Ila kipimo cha juu ya paa kimewekwa pale makusudi ili kisisikie moshi wa jiko la mtu mmoja. Kinasikiliza mji. Mraba wa ramani nao unamfunika mama wa mandazi, mwalimu anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwake, na mfanyabiashara wa Majengo anayepika kwa gesi, wote kwa rangi moja.

Ili niweze kueleza kilichotokea kwenye karatasi zetu, nitatumia namba za kufanyia hesabu. Naomba msomaji ashike jambo hili: si vipimo vya Goma, ni namba za duara nilizoziweka ili tuone jinsi hesabu inavyotembea. Tuseme hewa ya mtaa ni mikrogramu 40 katika kila mita ya ujazo. Kwa njia ya anwani, siku ya mama ni 40, na ya mwalimu ni 40.

Njia ya ratiba, kama tulivyoijaza kwanza

Sasa chukua ratiba kama ilivyokuwa kabla sijarudi kwake, ukiacha kando lile kosa la saa. Saa 10 nyumbani, tuseme hewa ni 30. Saa 1 ya kutembea kwenda na kurudi, 80. Saa 11 kwenye meza yake kando ya barabara, 60. Saa 2 za kupika chakula cha jioni, 200. Zidisha na ujumlishe: 300, na 80, na 660, na 400. Jumla 1,440. Gawanya kwa 24, unapata 60.

Tayari tumetoka mbali na 40, na karatasi ingeweza kuishia hapo. Ingekuwa na sura nzuri: sehemu nne, muda umejumlika vizuri, na sehemu kubwa kuliko zote ikiwa ni barabara. Mtu angeisoma na kusema tatizo la mama huyu ni vumbi na pikipiki za Birere. Angeweza hata kupendekeza ahamishe meza.

Kuwasha tu

Mara ya pili nilikwenda saa kumi yenyewe, kwa ruhusa yake, nikakaa nje kwenye jiwe.

Jiko lake ni kibanda cha mbao cha hatua mbili kwa mbili, kimeegemezwa kwenye ukuta wa nyumba. Bati la juu limekuwa jeusi, na masizi yananing'inia kwenye misumari kama nyuzi. Mbabula, yaani jiko la makala, ni ya chuma, ya kawaida. Aliweka makala, akapanga vijiti vya mti juu, kisha akachukua kipande cha mfuko wa plastiki, akakikunja mara nne, akakiwasha kwa kiberiti na kukisukuma chini ya vijiti kwa kidole. Plastiki ilidondoka kwa matone ya moto. Moshi ulipanda mzito, kwanza mweupe, kisha wenye harufu ile ambayo kila mtu wa Goma anaijua. Alipiga magoti, akageuza uso pembeni, akafumba macho, akapepea kwa kipande cha karatoni. Moto ulipolegea aligeuza uso tena, akapuliza kwa mdomo, pua yake ikiwa umbali wa kiganja na nusu kutoka kwenye makala. Mtoto alikuwa mgongoni, amelala, kichwa kimeegemea bega la kushoto.

Ilichukua kama dakika arobaini mpaka makala yashike vizuri na mafuta yapate moto. Baada ya hapo moshi ulipungua, akakaanga kwa saa moja na dakika ishirini. Kule Birere anawasha mbabula ya pili ya chai, dakika ishirini hivi, kwa njia ileile.

Rudisha haya kwenye hesabu. Nyumbani pasipo moto zinabaki saa 8, na hewa ya 30: 240. Kuwasha, nyumbani na barabarani, ni saa 1 kamili. Kwa pua iliyo karibu hivyo na moshi tuweke 1,000: inakuwa 1,000. Kukaanga saa 1 na dakika 20 kwa 300: 400. Kutembea 80. Meza ya barabarani sasa ni saa 10 na dakika 40: 640. Chakula cha jioni 400. Jumla 2,760, gawanya kwa 24: 115.

Mama yuleyule, siku ileile: 40, kisha 60, kisha 115. Na saa ile moja ya kuwasha, ambayo yeye haihesabu kuwa kazi na sisi hatukuiuliza, imebeba zaidi ya theluthi moja ya siku nzima.

Msomaji anaweza kusema nimeipata theluthi hiyo kwa kuchagua 1,000. Ni swali la haki, na ndiyo sababu napenda kufanya hesabu hii wazi. Weka 500, siku inakuwa 94. Weka 2,000, inakuwa 157. Sasa jaribu kubadilisha hewa ya nyumbani wakati hakuna moto, kutoka 30 hadi 40: zile saa 8 zote zinaongeza 3 na kitu tu. Maana yake ni kwamba kama una kifaa kimoja na siku chache, usikipoteze kwa kupima chumba cha kulala kwa usahihi mkubwa. Kipeleke kwenye saa ile ambayo namba yake ikikosewa, kila kitu kinakosewa.

Jambo hili liliwahi kupimwa kwa uangalifu karibu na kwetu. Majid Ezzati, Homayoun Saleh na Daniel Kammen walifanya kazi katika nyumba za Laikipia, Kenya, na mwaka 2000 wakaandika walichokiona: kwa wale wa nyumbani wanaoshiriki kupika, kati ya asilimia 31 na 61 ya moshi wote uliowafikia ulitokana na vipindi vifupi vya moshi mkali, kama kuwasha, kuongeza kuni na kukoroga. Kwa wasiopika ilikuwa kati ya 0 na 11. Waliandika pia kwamba hesabu nyepesi, zinazochukua wastani wa hewa ya nyumba na kusahau nani anasimama wapi na lini, hupunguza kiasi halisi kwa asilimia 3 hadi 71, kutegemea ni nani unayemhesabu. Hiyo 71 ndiyo inayoniuma. Hesabu ikipungua kwa kila mtu sawasawa, bado ungeweza kulinganisha watu. Inapopungua zaidi kwa anayepika, inaficha tofauti ileile uliyokuja kuitafuta.

Hata Marekani, kwenye majiko ya gesi na umeme, jambo la namna hii lilionekana. Mwaka 1990, mjini Riverside, California, watu 178 walivaa vifaa vya kupima vumbi. Mchana, hewa ya ndani ya nyumba na ya nje zilikuwa karibu 95 kwa vumbi la PM10, yaani chembe zisizozidi mikromita 10, lakini kifaa kilichovaliwa na mtu kilionyesha 150. Kila mtu alikuwa anatembea na wingu lake, analolitimua mwenyewe kwa kufagia, kupika na kukunja nguo.

Kifaa chini ya kitenge

Tulikuwa na kifaa kidogo cha kuvaa. Ndani yake kuna feni inayovuta hewa, taa ya leza, na jicho linalohesabu mwanga unaotawanywa na chembe. Kinapaswa kukaa kwenye eneo la pumzi, yaani ndani ya sentimita kama 30 kutoka puani na mdomoni. Tulimfunga mama kifuani, tukamshukuru, tukaondoka.

Jioni mstari wa kipimo chake ulikuwa umetulia siku nzima kama maji ya ziwa asubuhi. Alikuwa amekifunika kwa kitenge, mikunjo miwili juu ya tundu la hewa. Tulipomuuliza alitueleza bila kuzunguka: kifaa kina taa ndogo inayowaka na kuzima, na Birere mtu akiona umefungwa kitu chenye taa kifuani anauliza unamrekodi nani, kwa ajili ya nani. Ana wateja wa kila aina. Hawezi kuuza mandazi huku watu wanamwogopa.

Alikuwa na haki. Kosa lilikuwa letu, na lilikuwa zito kuliko lile la saa, kwa sababu lilimweka mtu mwingine kwenye hatari ambayo sisi hatukuifikiria. Tulifunika taa kwa gundi nyeusi, na yeye mwenyewe akashona kimfuko cha kitenge chenye kamba, kama vile vya simu ambavyo wamama wengi huvaa shingoni, akaacha tundu mbele. Hakuna aliyemuuliza tena.

Kwa siku mbili zilizofuata mstari ulikuwa hai. Ulilala chini usiku, ukapanda kama ukuta saa kumi na robo, ukashuka ngazi kwa ngazi wakati wa kukaanga, ukatikisika barabarani, ukapanda tena kwa muda mfupi alipowasha ile ya chai, na mara ya mwisho jioni. Nauamini umbo lake. Urefu wake sijauchapisha hapa kwa namba, kwa sababu kifaa cha leza kinahitaji kwanza kukaa siku kadhaa kando ya chujio ambalo hupimwa kwa mizani kabla na baada, ndipo ujue kinazidisha au kinapunguza kiasi gani. Na hapa Goma kinakosea pande zote mbili kwa siku moja. Alfajiri, unyevu wa ziwa ukiwa hewani, chembe hunywa maji na kuvimba, leza inaziona kubwa kuliko zilivyo: kinazidisha. Mchana, vumbi la lava barabarani lina chembe nene ambazo leza za bei nafuu hazizioni vizuri: kinapunguza. Anayechukua namba zake jinsi zilivyo atapata siku ambayo jiko limeongezwa na barabara imepunguzwa, na hatajua. Kwa hiyo ninaposema saa ya kuwasha ndiyo nzito, nimejilazimisha kuuliza: je, ingebaki nzito hata nikikata nusu ya kilele na kuongeza barabara mara mbili? Tuone kwenye namba zetu za duara. Kuwasha 500 badala ya 1,000, meza ya barabarani 120 badala ya 60. Kuwasha kunabaki na 500 kwa saa moja. Barabara inakuwa 1,280 kwa saa 10 na dakika 40. Barabara imeshinda kwa jumla. Lakini kwa kila saa moja, kuwasha bado ni zaidi ya mara nne, na saa ya kuwasha ndiyo mama anayoweza kuigusa kwa mikono yake mwenyewe. Pikipiki za Birere haziko mikononi mwake.

Kisichoonekana na leza

Leza inaona chembe tu. Haioni gesi ya salfa ya Nyiragongo, na haioni monoksidi ya kaboni, ambayo ndiyo hatari kubwa ya makala yaliyokwisha kushika. Makala mekundu, yasiyo na moshi, yanaonekana safi. Mstari unashuka, na gesi hiyo inaendelea kutoka. Mama alitwambia asubuhi nyingi kichwa kinamgonga mpaka anapofika Birere, na alidhani ni usingizi mchache. Pia kwenye usiku wa baridi, nasi tuko kwenye mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, huwa wanaingiza mbabula chumbani ipashe joto.

Hapo sikuwa na haja ya somo refu. Goma kila mtu anayajua mazuku, ile hewa inayokaa kwenye mabonde madogo upande wa Mugunga na Bulengo, isiyoonekana, inayoua mbuzi asubuhi na mara nyingine mtu. Nilimwambia hii ya mbabula ni nyingine: mazuku ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kulala chini kwa uzito wake, na hii inatokana na makala yasiyopata hewa ya kutosha, na inajaa chumba chote, chini na juu. Lakini nayo haina rangi wala harufu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi tunaingizaka mazuku ndani ya nyumba." Tangu siku hiyo mbabula hailali chumbani.

Mtoto wa mgongoni

Tulikuwa tumefungua karatasi moja, ya mama. Lakini kila dakika niliyoihesabu palikuwa na pua ya pili, sentimita chache nyuma ya shingo yake. Mtoto mdogo hupumua haraka, na kwa kila kilo ya mwili wake anavuta hewa nyingi kuliko mtu mzima, kwa hiyo moshi uleule kwake ni dozi kubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati ya hivyo ni vya watoto wa chini ya miaka mitano. Fomu yetu haikuwa na safu ya kuandika "yuko na nani". Sasa inayo.

Dozi ni jambo la kukumbuka kwa watu wazima pia. Aliyelala anavuta lita 5 hadi 8 za hewa kwa dakika. Anayefanya kazi ngumu anavuta mara kadhaa ya hizo. Kijana anayesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, lenye magunia kwenye mwinuko, nyuma ya lori linalotoa moshi mweusi, anaweza kupita mahali palepale na wakati uleule na mtu aliyekaa nyuma ya pikipiki, na akabeba mara tatu au nne ya uchafu kifuani mwake. Kisa chake kinahitaji karatasi yake.

Baada ya wiki tatu

Tulikaa na mama tukaangalia mstari wake pamoja. Nilimwonyesha saa kumi na robo. Aliutazama muda mrefu, akaweka kidole pale juu ya kilele, akauliza kama ile ni plastiki. Nikamwambia plastiki, na vijiti, na makala, na kibanda kilichofungwa, vyote pamoja. Hakuniuliza ni namba ngapi.

Alibadilisha mambo matatu. Anawashia nje, karibu na mlango wa parseli, ndipo anaingiza mbabula jikoni ikiwa tayari nyekundu. Mvua ikinyesha hawezi. Plastiki ameacha, anatumia vijiti vikavu vya mkaratusi anavyovifunga mafungu jioni. Na mtoto anabaki kitandani mpaka mandazi yaishe.

Ili mtoto abaki kitandani bila kulia, mtu lazima alale naye, na mtoto akiamka ni mama mwenyewe anayemtaka. Kwa hiyo asubuhi nyingi anayewasha sasa ni binti yake wa pili, mwenye miaka kumi na mitatu, kabla hajajiandaa kwenda shule. Niliposikia hilo nilirudi kwenye karatasi ya mama, nikatoa dakika arobaini, wastani wake ukashuka vizuri. Zile dakika arobaini hazijaondoka kwenye nyumba.

Wiki ijayo tunarudi Majengo na fomu mpya, ya Kiswahili, saa zimeandikwa kuanzia saa kumi na mbili ya asubuhi hadi saa kumi na mbili ya asubuhi inayofuata. Swali la kwanza linauliza nani aliwasha moto leo. Kimfuko cha pili cha kitenge kimeshashonwa.